Kilo Zilezile, Mwili Mwingine

Jioni moja pale Kamere, Naivasha, kando ya barabara ya Moi South Lake, wafanyakazi wakirudi kutoka mashamba ya maua na mitambo ya umeme wa mvuke ya Olkaria, nilisimama nyuma ya kijana mmoja aliyekuwa akingoja kupanda mizani. Mwenye mizani alikuwa ameiweka juu ya ubao ili isiyumbe, na kando yake kipande cha kadibodi kimeandikwa bei: shilingi kumi. Kijana akavua viatu, akatoa simu na funguo mfukoni, akapanda polepole kama mtu anayeingia maji baridi.

"Sabini na nne, kaka."

"Bado?"

"Mizani haidanganyi."

Tukiwa tunangoja matatu, akanieleza kisa chake. Alikuwa amepiga vyuma kwa wiki kumi, mara tatu kwa wiki, katika jimu ya mabati ambako uzani ni saruji iliyomiminwa ndani ya mikebe ya rangi na kuunganishwa kwa bomba. Alianza akiwa na kilo 74, na sasa alikuwa na kilo 74. Kesho, alisema, hataenda tena. Nikamwuliza kuhusu suruali. Akainua fulana kidogo, akanionyesha mshipi: ulikuwa na matundu mawili ya ziada, yaliyotobolewa kwa msumari wa moto.

Mwenye mizani alisema kweli, haikudanganya. Ilijibu swali ambalo kijana hakuliuliza. Anayepiga vyuma huwa na maswali mawili: je, misuli imeongezeka, na je, mafuta yamepungua? Mizani huyajumlisha yote mawili, ikaongeza na maji, mifupa, chakula kilichomo tumboni na kile kinachongoja kutoka, kisha ikatoa namba moja. Ni kama mwenye duka anayehesabu noti zilizo kwenye droo jioni bila kujua ni kiasi gani kiliuzwa na ni kiasi gani kilikopwa. Jumla anayo, hesabu hana.

Tufanye hesabu ya mshipi ule. Mafuta ni mepesi kuliko maji, ndiyo maana huelea juu ya mchuzi. Msuli ni mzito kidogo kuliko maji. Kilo tatu za mafuta ya mwilini huchukua nafasi ya lita 3.3 hivi, na kilo tatu za msuli huchukua lita 2.8. Mtu akipoteza kilo tatu za mafuta na kuongeza kilo tatu za msuli, mizani itakaa palepale, lakini mwili wake utakuwa umepungua kwa nusu lita, yaani pakiti nzima ya maziwa ya dukani. Na kwa kuwa kwa wanaume mafuta mengi hukaa tumboni, sehemu kubwa ya pakiti hiyo hutoka kiunoni. Kwa anayeanza vyuma, hasa aliyekuwa na kitambi, mabadiliko ya namna hii ndani ya miezi miwili au mitatu ni jambo la kawaida. Aliyenyanyua vyuma kwa miaka mitano hatayapata kwa urahisi huo.

Halafu kuna maji, na hayo ndiyo yanayowavunja watu moyo kuliko kitu kingine. Misuli huhifadhi wanga kwa umbo la glikojeni, na kila gramu ya glikojeni hukaa na gramu tatu hivi za maji. Ukila ugali wa kushiba na mchuzi wenye chumvi usiku, asubuhi mizani itapanda, na hakuna mafuta mapya hata kijiko. Ukifanya kazi kutwa karibu na mabomba ya mvuke ukitoka jasho, jioni itashuka, na hakuna mafuta yaliyokwenda. Mtu mzima hupanda na kushuka kilo moja au mbili ndani ya siku moja. Wiki ya kwanza ya vyuma vikali misuli yenyewe huvimba kidogo ikijirekebisha, na hapo tena ni maji. Kwa wanawake mzunguko wa mwezi huongeza wimbi jingine, kwa hiyo haki yao ni kulinganisha wiki na wiki inayofanana nayo ya mwezi uliopita, wala si Jumatatu na Alhamisi.

Tatizo hili si geni. Mwaka 1942 daktari wa jeshi la majini la Marekani, Albert Behnke, aliwapima wachezaji 25 wa mpira wa Kimarekani. Kwa majedwali ya uzito na kimo yaliyokuwa yakitumika, 17 kati yao walikuwa wazito mno, hawafai kwa utumishi wa kijeshi. Behnke akawapima uzito wakiwa wamezama ndani ya maji, kwa kanuni ileile ya Archimedes, na ikaonekana kwamba wengi wa hao "wanene" walikuwa na mafuta machache kabisa. Kilichowafanya wazito kilikuwa ni misuli. Miaka zaidi ya 80 baadaye bado tunapiga hesabu ya BMI, uzito ukigawanywa kwa kimo mara kimo, hesabu iliyotokana na Mbelgiji Adolphe Quetelet wa karne ya 19, ambaye alikuwa mtaalamu wa takwimu wala si tabibu. Kwa kuangalia umati wa watu inafaa. Uchunguzi wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba asilimia 27 ya watu wazima walikuwa wamezidi uzito au wanene kupindukia, wanawake wakiwa zaidi ya mara mbili ya wanaume, na takwimu hiyo ina maana yake. Kwa mtu mmoja anayenyanyua vyuma, BMI ni mizani ileile iliyovaa koti.

Kuna majaribio mawili ambayo ningependa kila mwalimu wa jimu ayajue. La kwanza lilifanywa katika Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, na kuchapishwa 2016. Vijana wa kiume 40 walipunguziwa chakula kwa asilimia 40 ya mahitaji yao kwa wiki nne, huku wakifanya mazoezi makali siku sita kwa wiki. Nusu yao walikula protini gramu 1.2 kwa kila kilo ya uzito wao kwa siku, nusu nyingine gramu 2.4. Waliokula protini nyingi walipoteza kilo 4.8 za mafuta na kuongeza kilo 1.2 za mwili usio mafuta. Wenzao walipoteza kilo 3.5 za mafuta, na mwili usio mafuta haukuongezeka kwa chochote cha maana. Sasa jumlisha kama mizani inavyojumlisha: kundi moja limepungua kilo tatu na nusu hivi, kundi la pili limepungua kilo tatu na nusu hivi. Mbele ya mwenye mizani wa Kamere wote ni sawa.

La pili ni dogo, watu kumi tu, lilifanyika Chuo Kikuu cha Chicago na kuchapishwa 2010, nami nalitaja kwa sababu ya Olkaria, mahali ambapo mitambo haizimwi usiku na kuna watu wasiolala saa wanazolala wengine. Watu hao walikula chakula kidogo kwa wiki mbili, mara moja wakipewa nafasi ya kulala saa 8.5, mara nyingine saa 5.5. Uzito uliopotea ulikuwa karibu sawa, kama kilo tatu. Lakini walipolala vizuri walipoteza kilo 1.4 za mafuta. Wakinyimwa usingizi walipoteza kilo 0.6 tu za mafuta, na kilo 2.4 zilizobaki zikatoka kwenye mwili usio mafuta. Hawa hawakuwa wanapiga vyuma, na kundi la watu kumi si la kujengea sheria. Hata hivyo, anayetoka zamu ya usiku, akalala saa nne kwenye chumba cha mabati chenye joto, kisha akafurahi kwamba kilo zinashuka, ana sababu ya kuuliza ni kilo za nini.

Basi tupime kwa nini? Siku hizi jimu za mjini Naivasha na Nakuru zina mizani za umeme zinazotoa karatasi: mafuta asilimia kadhaa, misuli kilo kadhaa, mpaka "umri wa mwili". Karatasi hiyo inapendeza na watu huipiga picha. Ijulikane inavyopatikana. Mashine hupitisha umeme mdogo mwilini. Misuli ina maji mengi na huupitisha kwa urahisi, mafuta huuzuia. Mashine hupima ukinzani huo, kisha hukisia yaliyobaki kwa kanuni inayotumia kimo, uzito, umri na jinsia yako. Haijayaona mafuta yako. Ukipanda ukiwa na kiu baada ya siku ya jasho, ukinzani huongezeka na karatasi itakuambia umenenepa. Ile unayokanyaga kwa miguu tu hupitisha umeme zaidi miguuni na sehemu ya chini ya mwili, na tumbo lenyewe, lililokupeleka jimu, hulikisia.

Kikoleo cha kubana ngozi ni cha zamani na ni kizuri kikiwa mikononi mwa mtu mmoja aliyezoea. Akibadilika mpimaji, vipimo navyo hubadilika. Hapo kuna jambo la kukumbuka: kanuni nyingi zinazogeuza mikunjo ya ngozi au ukinzani kuwa asilimia ya mafuta zilitungwa kwa kuwapima Wazungu, na mwili usio mafuta wa watu weusi, mifupa ikiwa ni sehemu yake, huwa mzito zaidi kwa wastani kuliko kanuni hizo zinavyodhani. Afadhali kujumlisha milimita za mikunjo yenyewe na kuiangalia ikipungua kuliko kuigeuza asilimia. Ama DXA, eksirei ya mwili mzima iliyobuniwa kwa ajili ya mifupa, ndiyo wengi huiita kipimo cha mwisho. Ni bora kuliko hizo nyingine, lakini nayo huhesabu maji ya msuli kuwa ni msuli. Sijaiona Naivasha, na kwa mtu wa kawaida sioni haja ya kuifuata Nairobi.

Wanaochimba mvuke pale juu Olkaria wanaelewa ugumu wa kupima kuliko sisi wa jimu, maana kazi yao yote ni kujua kitu kisichoonekana. Kati ya mwaka 1956 na 1958 visima viwili vya kwanza vilichimbwa Olkaria. Kimoja kilifika mita 900 na ushei, na chini yake joto lilipita nyuzi 200. Kwa kipimo cha joto peke yake, wangeshangilia. Lakini kisima hakikutoa mvuke wa kutegemewa, kazi ikalala, na mtambo wa kwanza wa Olkaria, wa megawati 15, haukuwasha taa mpaka 1981. Joto lilikuwepo bila mvuke, kama vile kilo zinavyoweza kuwepo bila misuli.

Siku hizi kisima kipya hakihukumiwi kwa siku moja. Hufunguliwa, mvuke na maji vikatoka kwa kishindo kupitia mnara wa kupunguza kelele, harufu ya yai viza ikatanda mpaka barabarani. Shinikizo husomwa kwenye ukingo wa bomba. Maji yanayobaki hupitishwa ndani ya sanduku lenye mkato wa pembe kama V, na kimo chake kwenye mkato huo husomwa. Vipimo vyote huandikwa kwa saa, kwa wiki, wakati mwingine kwa miezi, na kisima huendelea kufuatiliwa hata kikishaunganishwa na mtambo. Kisima kikitetemeka Jumanne hakuna anayekimbia kukifunga. Mstari wa vipimo ndio huangaliwa unaelekea wapi.

Kwa mpiga vyuma, sanduku lenye mkato wa V ni tepu ya fundi cherehani. Naitetea tepu kwa sababu nne: ni rahisi, haitaki umeme, haijui maji ya jana, na inapima mahali penyewe. Kiuno hupimwa katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi kwa kawaida, bila kulivuta tumbo ndani (hapa kila mwanaume hujidanganya, hata mimi), asubuhi kabla ya chai. Paja na mkono wa juu vipimwe mahali palepale kila mara, ikibidi weka alama kwa kalamu, na visipimwe baada ya mazoezi, kwa sababu damu iliyojaa kwenye msuli itakupa sentimita za saa moja. Kiuno kina faida ya pili. Uchambuzi uliochapishwa 2017, uliokusanya vipimo vya zaidi ya watu elfu 24 wa nchi mbalimbali za Afrika kusini mwa Sahara, ulionyesha kwamba hatari ya maradhi ya moyo na sukari kwa wanaume wetu huanza kujitokeza kiuno kikifika kama sentimita 81, karibu sawa na kwa wanawake. Mwongozo wa kimataifa tuliokuwa tukiutumia kwa wanaume uliweka mstari kwenye 94. Mwanaume wa kiuno cha 90 anayejiona yuko salama aitazame namba hiyo mara mbili.

Shahidi wa pili ni daftari la vyuma: ulichuchumaa na kilo ngapi, mara ngapi, tarehe gani. Daftari lina mtego wake. Moritani na deVries walionyesha mwaka 1979 kwamba nguvu zinazoongezeka katika wiki za mwanzo hutokana zaidi na mishipa ya fahamu kujifunza kuiamrisha misuli, kabla misuli yenyewe haijakua vya kutosha. Kwa hiyo aliyetoka kilo 40 hadi 55 katika mwezi wa kwanza asijisifu kwamba amejaa. Kuanzia mwezi wa pili na wa tatu, nguvu zikiendelea kupanda na paja nalo likipanuka, hapo tuzungumze.

Mashahidi hawa wakikaa pamoja na wastani wa uzito, hukumu hutoka yenyewe. Uzito umesimama, kiuno kinapungua, chuma kinapanda: unabadilisha mafuta kwa misuli, na ndiyo kesi ya kijana wetu. Ikiwa uzito unashuka na kiuno kinashuka, huku chuma kikibaki palepale, unapoteza mafuta na misuli umeilinda, usibadilishe kitu. Pale uzito unaposhuka haraka, chuma kikashuka nao, na kiuno hakitaki kusogea, unajila mwenyewe: ongeza chakula, hasa protini, na ulale. Na anayetaka kunenepa kwa misuli, uzito ukapanda, kiuno kikapanda nao sentimita kwa sentimita, chuma kimelala, huyo anajenga kitambi kwa gharama ya jimu.

Wastani wa uzito ndio nilioutaja, si uzito wa siku. Tuseme wiki moja mizani ilisoma 74.6, 73.8, 74.9, 74.1, 73.9, 75.0 na 74.2. Ukichukua Jumatatu na Jumanne utadhani umepungua karibu kilo. Ukichukua siku ya tano na ya sita utalia. Wastani ni 74.4, na huo ndio wa kulinganisha na wastani wa wiki ijayo. Kasi ya kupungua isizidi sana asilimia 0.7 ya uzito kwa wiki, yaani nusu kilo kwa mtu wa kilo 74. Utafiti wa Norway wa 2011 uliwalinganisha wanamichezo waliopungua kwa kasi hiyo na waliopungua mara mbili yake, wote wakinyanyua vyuma. Wa polepole waliongeza mwili usio mafuta, wa haraka hawakuongeza.

Chakula sitakaa nacho sana, kwa sababu watu hukifanya kiwe siri wakati si siri. Mapitio ya tafiti 49 yaliyochapishwa 2018 yalikuta kwamba faida ya protini kwa anayejenga misuli hufikia ukomo kwenye gramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya uzito. Kwa kilo 74 ni gramu 118. Mayai matatu, nusu lita ya maziwa, sahani ya maharagwe, sahani ya ndengu, kiganja cha omena kavu na ugali wake: umefika au umekaribia sana, bila mkebe wa unga kutoka ng'ambo wenye picha ya mtu asiye na shingo.

Hapo lakini kuna jambo la kukemewa waziwazi. Katika miji yetu ya Afrika Mashariki mpaka Kongo, huuzwa kichinichini vidonge vya "kunenepa", na mara nyingi ndani yake mna deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, pengine pamoja na siproheptadini inayoamsha njaa. Mizani itawapenda watumiaji wake: kilo tano kwa muda mfupi, mashavu yamejaa. Deksamethasoni huweza kuzuia maji mwilini, huhamishia mafuta usoni na tumboni, na huku nje ikijaza, ndani inaimomonyoa misuli ya mapaja na mabega na kudhoofisha mifupa. Tena mwili ukiizoea, kuiacha ghafla kunaweza kuua. Anayepima kwa kilo peke yake ataviita vidonge hivyo dawa nzuri. Anayepima paja na chuma atagundua ndani ya wiki chache kwamba anashindwa kuinuka na uzani aliokuwa akiuchezea.

Mwaka 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii laki moja mikoba ya vifaa, na mizani ni mojawapo. Ni jambo jema. Mhudumu akifika kwako akakupima kilo, mwombe akupime na kiuno pia, uandike namba zote mbili kwenye ukurasa mmoja.

Na wewe ndugu yangu wa mshipi wa matundu mawili, kama maandishi haya yatakufikia pale Kamere: Jumatatu rudi jimu. Acha kupanda mizani kila jioni, na hizo shilingi kumikumi uziweke. Tepu ya fundi haifiki shilingi mia.